Siku Uwanja wa Gofu Ulipopewa Alama

Shule nilifika darasa la pili tu, lakini namna ya kupima uwanja wa gofu naijua, kwa sababu niliwahi kuufagia mmoja kabla ya kupimwa. Waliokuwepo nawakumbuka wote kwa majina, na ng'ombe wao pia. Siyaandiki, wengine wana wajukuu wenye hasira.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, dizeli haipatikani. Huku Karatu kulikuwa na shamba la kahawa, na ndani yake uwanja wa mashimo tisa ulioachwa na mzungu wa zamani. Mashine ya kukata majani imelala, hivyo meneja akaturuhusu sisi vibarua wanawake tulishe humo. Ng'ombe wakakata majani bila kudai dizeli, kila mtu akaridhika.

Mimi nilikuwa na ng'ombe mmoja, naye hakuwa wangu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi asiye naye: wewe unakamua na kutumia samadi, ndama ni wa mwenyewe. Ila akija akamkuta amekonda, anamchukua bila maneno mengi. Wangu alitoka kwa mzee mmoja wa kijiji cha Qurus, na watoto wangu wanne walikunywa maziwa yake. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, majani yalibaki kule kwenye gofu tu.

Basi meneja akatukusanya. "Kina mama, Jumamosi wanakuja waheshimiwa watatu kutoka mjini kuupa uwanja alama. Ukipata alama nzuri tutauzungushia waya, wageni wa Ngorongoro wapite kucheza. Fukieni mashimo ya ngiri, zoeni samadi, fagieni."

"Na ng'ombe, bwana meneja?" nikauliza.

"Ng'ombe hawachezi gofu, mama."

Jirani yangu, aliyeolewa kutoka Mbulumbulu, akaninong'oneza, "Tukiyafukia hayo mashimo, tumejifukia wenyewe."

Tukapatana. Sisi wakulima, shamba baya tunalijua. Lenye mashimo, mawe na tope, nani atalisifu? Tukafagia pembeni, penye kuonekana na meneja. Mashimo ya ngiri tukayaacha. Samadi tukaisogeza kidogo, ikae katikati ya njia. Jumamosi asubuhi tukawapitisha ng'ombe wote kwenye kijito mpaka kikawa tope tupu.

Waheshimiwa wakaja na soksi ndefu na madaftari. Wa kwanza, mnene, kipira chake kikaingia shimo la ngiri. Tukafinyana. Yeye akachuchumaa, akachungulia, akawaita wenzake kama mtu aliyekuta asali. Wa pili akakizamisha chake topeni kisionekane tena. Akacheka mpaka akashika kofia. Wa tatu akakikuta juu ya samadi mbichi, wakaanza kujadili kama sheria inaruhusu kukigusa, nyuso zimekazwa kama wazee wanaosuluhisha ndoa. Halafu wakaandika, wakaandika.

Walipoondoka, meneja akaja anang'aa. "Kina mama, mmefanya kazi! Wanasema wamechoka na viwanja laini kama meza. Uwanja bora ni ule unaomtesa mchezaji. Wametupa alama za juu!"

"Kwa hiyo ungekuwa mzuri wangeukataa?" jirani yangu akauliza.

"Wangeupita tu."

"Loo! Ningejua ningeufagia kama sebule ya askofu."

Wiki iliyofuata waya ukapigwa. Haukupita mwezi, mbavu za ng'ombe zikawa zinahesabika. Mzee wa Qurus akafika, akamzunguka ng'ombe wake, akampapasa mgongo. Kisha akasogea kwenye waya, akapenyeza mkono, akang'oa majani na kuyatafuna.

"Majani mazuri haya, binti yangu. Wamewekewa ng'ombe wa nani?"

"Si ya ng'ombe, baba. Ya wageni."

"Wanayala?"

"Wanatembea juu yake, wakipiga vipira kwa fimbo. Waheshimiwa walikuja kuyapima, wakayasifu."

Akatema. "Na waliokuja kuyapima, kuna hata mmoja aliyeyaonja?"

"Hakuna, baba."

Akatikisa kichwa, akafungua kamba, akaondoka na ng'ombe wake. Jioni ile nilikoroga uji kwa maji matupu.