Nilimwosha Mama kwa Simu

Admin, nifichie jina, maana mdogo wangu naye anaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa Bujumbura. Naishi Brussels, Saint-Gilles, nahudumia wazee majumbani kwao. Mdogo wangu yuko Montreal, ni mhudumu wa ndege. Mama alikuwa akiishi naye huko.

Mama alipozidiwa na figo nilikata tiketi haraka. Alishaniambia zamani, "Siku yangu ikifika, wewe mukubwa ndiyo utaniosha." Kwetu Waislamu mama huoshwa na binti zake. Mimi nimeshaosha maiti wengi, mdogo wangu hajawahi hata mmoja.

Basi wahudumu wa ndege huko Kanada wakagoma. Walitaka walipwe hata ule muda ndege ikiwa bado chini, wakati wanapandisha abiria. Mdogo wangu alinipigia akisitasita, nikamwambia, "Simama na wenzako." Nilisema kwa moyo mmoja, kwa sababu hata mimi nikitoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine, muda wa kwenye tramu hanilipi mtu. Nilidhani watakuwa wameshaelewana kabla ya safari yangu.

Ndege yangu ilifutwa kwa mgomo huo nikiwa uwanjani na sanduku langu. Nyingine zote zilikuwa zimejaa. Nikarudi nyumbani kwa treni, na kesho yake Mama akafariki. Kwetu maiti hasubirishwi.

Mdogo wangu alinipigia kutoka chumba cha kuoshea, sauti tu, simu ameiweka dirishani. "Dada, nianze wapi?" Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni. Nikamwambia mfunike kwanza, anza upande wa kulia, mimina polepole. Nilikuwa nasikia maji. Alipofika kwenye nywele akauliza, "Nazisuka namna gani?" Nikamjibu, "Tatu, uzilaze nyuma." Tulilia wote wawili, huku maji yanaendelea kumwagika.

Mgomo uliisha, wenzake wamerudi kazini, yeye hajarudi. Kila jioni ananipigia na swali lilelile: "Dada, donc, yaani ni mimi nilikufungia njia. Umenisamehe?" Namjibu hakuna cha kusamehe, na kichwani naamini hivyo, walikuwa na haki. Lakini moyoni nina hasira naye, jamani. Namwonea wivu kwamba mikono yake ilimgusa Mama na yangu haikumgusa. Utotoni tulilala kitanda kimoja, ananijua. Jana alisema, "Dada, unaniambia tu kwa mdomo," akakata simu.

Jumamosi anakuja Brussels. Ananiletea khanga ya mwisho aliyovaa Mama, anasema hajaifua. Nitampokea kwenye uwanja uleule nilikorudishwa na sanduku langu, na najua ataniuliza tena, safari hii akinitazama machoni. Nimwambie ukweli kwamba bado sijaweza kumsamehe, au nimdanganye mpaka siku uongo huo utakapokuwa kweli? Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Nimebaki naye yeye tu.