Shokabzoba Nne za Maduka Manne

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia hapa dukani huwa nacheka peke yangu mpaka wateja wakanitazama. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na kati ya Malindi na Kilifi hakuna mwanamke aliyekuwa na furaha kunishinda. Nilikuwa nimetoka kufunga shokabzoba nne kwenye gari langu la spoti, na kila moja nilikuwa nimeipata kwa bei iliyomfanya muuzaji anilaani kabla sijafika mlangoni.

Hebu kwanza nikueleze gari lenyewe. Lilikuwa la Kijapani, jekundu, milango miwili, limelala chini kama sahani. Nililinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake ya Malindi arudi kwao. Mtaliano mwenye gari la Kijapani! Nilijua hapo hapo kwamba na yeye ni mtu wa kupenda kupunguziwa. Tulibishana tangu chai ya asubuhi hadi alasiri, yeye kwa Kiswahili, mimi kwa Kitaliano, kila mmoja akiivunja lugha ya mwenziwe, mpaka mwenyewe akachoka akanirushia ufunguo.

Wakati huo nilikuwa sijatimiza miaka thelathini. Biashara yangu ilikuwa kuuza spea, lakini duka sikuwa nalo. Nilikuwa na meza, turubai na mdomo. Mvua ikinyesha, nabaki na mdomo.

Basi akatokea Bwana Jayanti, mwenye duka kubwa la spea kule Mombasa. Alikuwa akitafuta wakala mmoja wa kumuuzia springi na shokabzoba Malindi. Atakayeupata uwakala huo atafunguliwa duka lenye mlango na kufuli, rafu zijae mali, na jina lake liandikwe juu. Tulioutaka tulikuwa wawili: mimi, na kijana mmoja aitwaye Kazungu, aliyekulia Mariakani katikati ya malori. Kazungu naye alikuwa na gari la spoti, jeusi, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko yangu, jambo ambalo si rahisi.

Bwana Jayanti hakutaka maneno. Alituita wote wawili akatwambia, "Mimi nauza vitu vya kufanya gari lishike njia. Jumapili nileteeni magari yenu kule shamba la mkonge, upande wa Kilifi. Meneja ameniruhusu njia zake siku nzima. Nitapanda kila gari mwenyewe. Litakaloshika njia vizuri, mwenyewe ndiye wakala wangu. Atakayeshindwa asinipigie simu."

Sasa unaelewa kwa nini Jumatatu ile nilikuwa na furaha. Nilijiona nimeshamaliza kazi.

Shangazi yangu Bi Rukia alikuwa muuza leso, na asubuhi ile alikuwa na mzigo wa kupeleka nyumba ya harusi huko Kilifi. Nikamwambia, "Panda shangazi, leo utapelekwa na ndege." Akapanda, mzigo wake mapajani, akasoma dua yake ya safari. Kabla hatujafika Gede alikuwa ameisoma mara ya pili, na hiyo ya pili kwa sauti.

Maana gari lilikuwa na vituko, mwanangu. Nikikanyaga breki, pua inavuta kushoto. Kona ya kulia laingia vizuri. Kona ya kushoto latikisika kiuno. Kwenye matuta, mbele kumeshatulia, nyuma kungali kunacheza. Mimi nilikuwa nikimsifia bei zangu njia nzima, sikusikia kitu. Tulipofika Kilifi akashuka polepole, akanyoosha mgongo, akaliangalia gari kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma.

"Saumu, humu chini mna watu wangapi?"

"Vipi shangazi?"

"Naona kila gurudumu lina dereva wake."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Hivyo vyuma ulivyonisifia, umevinunua wapi?"

Nikamtajia kwa fahari. Cha mbele kushoto, Malindi. Cha mbele kulia, Mtwapa. Cha nyuma kushoto, hapa hapa Kilifi kwa Bwana Salim. Na cha mwisho nilikifuata Mariakani kwa sababu niliambiwa yuko mtu pale amechoka na biashara. Kila duka nilichagua kile kimoja nilichoweza kukitoa kwa bei ya chini kabisa, nikaacha vingine.

Bi Rukia akafungua mzigo wake, akachomoa leso doti moja, bado vipande viwili vimeshikana, havijakatwa. Akaitandaza juu ya boneti yangu.

"Mteja aje aniambie, Bi Rukia, nikatie kipande kimoja tu, cha pili nimeona rahisi duka la jirani, lakini ni cha maua mengine. Nimfanyeje?"

"Utamfukuza."

"Simfukuzi hata! Namkatia, nachukua pesa zangu, halafu naweka kiti nje nimsubiri apite, kiunoni nakshi za korosho, kichwani mistari, niwaite na majirani waje kutazama." Akaikunja leso yake taratibu. "Wewe umenunua bei, mwanangu. Gari hujalinunua bado. Na Jumapili watu wataweka viti."

Nilinuna njia nzima ya kurudi. Lakini nilinuna nikisikiliza, na nilivyosikiliza, kila gurudumu likanithibitishia maneno yake. Nikaenda moja kwa moja gereji kwa fundi wangu Charo. Tukasukuma gari kwa mikono, pembe moja moja. Moja ikashuka ikapanda ikatulia, kama inavyotakiwa. Ya pili ikagoma kushuka. Ya tatu ikadundadunda kama kitanda cha watoto. Ya nne hata sikuisukuma.

Charo akasema, "Springi ndiyo inayobeba gari, dada. Shokabzoba ni ya kuituliza springi isiruke. Sasa hizi nne kila moja yatuliza kwa mwendo wake. Kushoto na kulia zikitofautiana, konani gari halijui limsikilize nani."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu nikaanza hesabu zangu. Nikazihesabu, nikarudia. Ndipo nikagutuka, nikainuka kwa nguvu mpaka Charo akaangusha spana. Mwanangu, wale wauzaji wanne niliowatoa jasho, kila mmoja alikuwa amebaki na nini? Amebaki na moja! Shokabzoba moja, pacha ya ile niliyochukua, ambayo hakuna mtu mwenye akili zake atakayeinunua. Kumbe niliwaachia wajane wanne kwenye rafu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kilifi.

"Salaam aleikum, Bwana Salim. Ile shokabzoba iliyobaki bado ipo?"

"Waleikum salaam. Ipo. Kila nikifungua duka yanitazama."

"Nimekuja kukuondolea macho yake."

"Bei ile ile?"

"Bei ile ile ilikuwa ya kitu kizima. Hii ni nusu ya kitu."

Akashika kichwa. "Saumu, wewe ndiye uliyeikata nusu!"

"Ndiyo maana nimerudi kwa heshima."

Akanipa. Na soda juu. Hiyo ikawa jozi ya nyuma. Mtwapa nikafanya vivyo hivyo, ikawa jozi ya mbele. Zile mbili zilizobaki mkononi, ya Malindi na ya Mariakani, nikazirudisha kwa wenyewe. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: peke yake yako ni chuma chakavu, na yangu ni chuma chakavu, tukiziweka pamoja kaunta hii, una jozi ya kuuza kwa bei kamili, nami nataka changu sasa hivi. Wa Mariakani akasema, "Wallahi, ulinipunja uliponunua kwangu, na sasa wanipunja unaponiuzia." Lakini alilipa, na jioni ile ile jozi yake ilipata mteja.

Charo akazifunga jozi zangu mbili. Akatoa bushi zote zilizochoka, zile raba zinazokaa kwenye maungio, akatia mpya pande zote. Akaweka na stabilaiza nene zaidi, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale konani. Springi tukazishusha kidogo tu, kwa sababu alisema gurudumu lazima libakiwe na nafasi ya kupanda na kushuka. Halafu tukalipeleka kunyooshwa magurudumu. Nati nikazihesabu kabla ya kutoka. Nikazihesabu tena.

"Dada, zimezaa?" Charo akauliza.

Jumapili, mwanangu. Mistari ya mkonge imenyooka mpaka macho yanachoka, na njia kati yake ni ya matumbawe yaliyosagwa, imefanya mawimbi madogo madogo kama bati la paa. Watu walikuwa wengi. Na kweli, walileta viti.

Kazungu alikuwa amekata springi zake na kulikaza gari mpaka tumbo linakwaruza nyasi. Alipoliona langu akapaza sauti watu wasikie: "Saumu! Gari lako limevaa viatu vya harusi?"

"Na lako Kazungu, mbona limepiga magoti? Laomba radhi mapema?"

Yeye akatangulia. Bwana Jayanti akaingia, akafunga mkanda. Kwenye njia iliyonyooka gari jeusi lilitoka kwa kelele za kupendeza, nisiseme uongo, moyo ulinishuka. Kisha likafika kona ya kwanza, kwenye yale mawimbi. Springi hazikuwa na pa kushukia. Gari likaanza kuruka, kila tairi likigusa chini na kuachia, na tairi lililo hewani halikati kona, mwanangu. Kazungu alizungusha usukani, gari likaendelea na safari yake ya awali, likaingia mkonge mstari wa pili. Hakuumia mtu. Bwana Jayanti akatoka, akachomoa mwiba kwenye mkono wa shati, akasema kwa upole, "Kazungu, njia nimeiona, lakini kwa vipande."

Zamu yangu. Akakaa, akashika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Nikatia gia.

Kona ya kwanza nikaingia kwa mwendo wa Kazungu. Mawimbi yale yale. Nikasikia magurudumu yakifanya kazi chini, kupanda na kushuka haraka haraka, na huku juu sisi tumetulia kama tuko sebuleni. Nikakata. Gari likainama kidogo, likakaa, likafuata usukani kwa utii ambao hata mtoto wa kumzaa hakupi. Kona ya pili, breki: pua imenyooka. Ya tatu nikaongeza moto tukiwa bado ndani yake, nalo likang'ang'ania njia kama limeshonewa. Nilipotupa jicho, Bwana Jayanti alikuwa ameachia mpini, mikono ameiweka mapajani. Anatabasamu.

"Ongeza," akasema.

Wallahi nikaongeza! Mkonge ukawa ukuta wa kijani pande zote mbili, vumbi jeupe nyuma yetu, na mimi nacheka kwa sauti. Tulipomaliza mzunguko hakushuka. Alisema twende tena, na safari hii alitaka kupita karibu na viti.

Uwakala nikaupata pale pale, mbele ya watu. Na mteja wangu wa kwanza alikuwa Kazungu, shati limejaa utomvu wa mkonge. Akaanza kubembeleza nimuuzie mbili tu za mbele kwa bei ya kirafiki. Nikamwambia: nne pamoja, au urudi ulikotoka. Akanunua nne.

Kwa hiyo wewe unayekuja kwangu na simu yako, ukinionyesha picha ya gari lililolazwa chini, sikiliza. Bishana bei, nami nitabishana nawe kwa raha zangu zote; lakini jua kwanza kitu chenyewe ni cha kazi gani, na vinavyofanya kazi pamoja vinunue pamoja. Usilikaze gari kwa sababu la jirani limekazwa. Lishushe kwa kiasi cha njia unayoipita, si kwa kiasi cha macho ya watu. Na mtu mzima aliyepanda nawe akikwambia mgongo wamuuma, punguza sifa, msikilize mgongo wake.

Nenda basi, mwanangu. Mola akuongoze kila kona, akuondolee aibu mbele ya watu wenye viti, na siku zamu yako itakapofika, aliyekaa kando yako aachie mpini wa mlango akwambie, ongeza.