Kamba Njiani

Enzi za Mwingereza niliwapeleka mke wangu na watoto kutembea msituni upande wa Korogwe, tukaone viboko kwenye kinamasi.

"Baba watoto, kamba hiyo!" mke wangu alipiga kelele.

Nilikulia kambi ya mkonge. Kamba kwangu ilikuwa kamba tu. Niliinama kuiokota, nyoka akanigonga mkononi. Nilimponda kichwa kwa fimbo. Mke wangu, Mzigua, alikuwa anachana kanga anifunge, nami nikamgeuzia fimbo ileile.

"Mbona hukusema nyoka?"

"Kwetu hatajwi porini!"

Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika. Watoto walikimbia wakilia. Yeye alinifunga kwa mkono mmoja na meno.

Nilipona. Mkono wake haukunyooka tena, na nilimzika bila kumwomba radhi.