Bao la Mbuke

Mbuke aliuza vitumbua stendi ya Kahama, na kila alipopita na beseni lake kwenye baraza la duka la Salehe, muuza nguo aliyetoka Tabora, miguu ilikuwa mizito kuondoka. Wanaume pale walinunua, wakala, wakacheza bao. Hakuna aliyemwambia karibu ukae.

Siku moja, mwaka sabini na nne, uzalendo ukamshinda. "Baba Zuwena, hiyo nyumba yako inaliwa."

Salehe hakuinua kichwa kutoka kwenye bao. "Mama Limi, vitumbua vinapoa."

Walicheka. Nyumba, lile shimo lake kuu lililojaa kete, ikaliwa. Kicheko kikakatika.

Mbuke akatua beseni, akaketi. "Nipangie na mimi."

"Bao si la wanawake."

"Kete ndizo zilizokwambia?"

Salehe alicheza naye ili amwondoe. Akamshinda. Mbuke alipotea kwa sababu kwao, machungani, kaka zake walimfundisha vita vya namna nyingine: kete zote zimo mashimoni tangu mwanzo, na iliyoliwa inatupwa nje, imekufa. Hapa Salehe alikuwa na jeshi zima mkononi, akiliingiza mojamoja, na kete alizomla Mbuke zikageuka kupigana upande wake.

"Umenishinda," akasema. "Sasa tucheze la kwetu."

La kwao Salehe alilala mapema, na wenzake wakaangalia pembeni.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Mumewe Jilala, seremala, alimsubiri mlangoni. "Wananiambia mke wangu anashindana na wanaume barazani."

"Wanakwambia nilishinda au nilishindwa?"

"Yote mawili," akasema Jilala, na hasira yake ikakosa pa kushika. Lakini Mbuke alipomwomba amchongee bao lake mwenyewe, alikataa katakata.

Mbuke akachukua tezo ya mumewe na gogo la mninga, akachonga mwenyewe, mashimo yakatoka mengine makubwa mengine madogo. Huku akichonga aliwaza. Vita vya kaka zake vilianza vizuri vikaishia ovyo, kete chache zikifukuzana kama kuku uani. Vita vya Salehe vilinoga mpaka mwisho, ila vilimpendelea anayejua kuficha. Akachukua alichokitaka kila upande: jeshi lote uwanjani, hakuna cha kuficha mkononi, na mateka hafi, anapigania aliyemteka.

Saba Saba ilipofika, akaenda uwanjani kujiandikisha kwenye mashindano ya bao. Muhidini, msimamizi, alilitazama lile bao lililopinda. "Mama, ni wanaume tu. Na hilo si bao."

"Haya, si bao. Ni langu."

Akaliweka chini juani, hatua chache kutoka kwenye meza za mashindano, akapaza sauti: "Anayetaka vita bila akiba ya kuficha, aje hapa!"

Muhidini akamwamuru aondoke. Mbuke akapanga kete. Wa kwanza kuja alikuwa Mwanne, muuza mchele, aliyekuwa hajawahi kugusa kete maishani. Wakaja na wengine, wake kwa waume, mpaka duara likawa nene kuliko la kule mezani. Alasiri Salehe, aliyekuwa ametolewa mashindanoni, akapenya katikati, akachuchumaa mbele yake.

Walicheza muda mrefu. Mwisho Salehe akashinda, kwa tabu.

"Mchezo wako una kasoro," akasema, akijifuta jasho. "Anayeanza ana nguvu mno."

"Najua. Nitaurekebisha mimi, si wewe."

Salehe akacheka. "Kesho basi. Barazani kwangu."

Kesho yake alikwenda, na keshokutwa, na Jilala mwenyewe akaja kusimama nyuma yake akijifanya kamfuata kwa jambo lingine. Mwaka uliofuata Muhidini alimletea habari njema: wametenga mashindano ya wanawake, na yeye awe mwenyekiti wao.

"Sikuomba kutengewa," Mbuke akamjibu. "Niandike pale alipoandikwa Salehe."

Muhidini akakataa. Mbuke akabeba bao lake kichwani, akaenda kuliweka uwanjani, palepale pa mwaka jana.