Chungu Nyuma ya Jiko

Siku ya tatu ya kilio cha mama mkwe, huko Kabambare, Mado alimwona wifi yake Falonne akitoka nyuma ya jiko na chungu kidogo chenye udongo mbichi. Alikitambua.

Falonne alikitua mbele ya waombolezaji. Ndani mlikuwa na mchanga wenye maji, kichupa na sindano.

"Baba mukubwa, ona kitu Mado alizika kwetu. Njo maana anakataa chakula yetu."

Kweli, tangu ashuke kwenye pikipiki kutoka Kasongo, Mado alikuwa akisukuma sahani pembeni. Na kwenye kilio, anayekataa kula anawaita wenyeji wachawi bila kufungua mdomo. Lakini alikataa kwa sababu hakupata pa kujichoma kwa siri kabla ya kula: kichupa kile kilikuwa insulini, dawa yake ya kisukari, na ardhi yenye baridi ndiyo friji pekee aliyokuwa nayo. Miaka miwili alikuwa ameficha ugonjwa huo, hata kwa mumewe Clovis, maana mwanamke akionekana na sindano mtaa mzima husema ana ukimwi. Muuguzi alimwonya kwamba hofu nayo hupandisha sukari. Rahisi kusema, muuguzi hana mawifi wanne.

Kichupa kile kikitupwa motoni kama uchawi, yeye hamalizi wiki.

"Sema ni nini," alisema baba mkubwa Jean-Pierre, mzee wa ukoo.

"Ni dawa, baba. Niko na sukari."

"Uongo," mtu alisema nyuma. Clovis aliangalia chini.

Mado akavuta dawa kwenye sindano, akapandisha blauzi mbele ya ukoo mzima, akajichoma tumboni. Aibu ilimuunguza hadi masikioni.

"Sasa lazima nikule," alisema. "Nisipokula, nitaanguka."

Hakuna aliyesogea. Nani angethubutu? Akianguka baada ya kula, aliyempa sahani ndiye atakayeitwa mtia sumu. Jasho lilianza kumtoka Mado, asijue ni dawa au ni woga.

Falonne akaliona jasho lile, akaingia jikoni. Alirudi na bugali na sombe ya majani ya muhogo, akakata tonge, akalichovya, akalila yeye kwanza polepole, watu wote wakimtazama. Kisha akasogeza sahani.

"Kula, wifi."

Mado alikula huku akilia. Falonne alikaa naye hadi sahani ikaisha, ndipo akainua kile chungu, akakirudisha kwenye shimo lake nyuma ya jiko.