Wimbo wa Kanisa Chini ya Bendera ya Chama

"Huyu hata cheti cha darasa la sita hatakishika," walisema. Mwalimu wa hesabu alisema, mwenye duka la jirani alisema, hata mjomba wangu alisema, tena huku akila wali wa mama yangu. Leo nina diploma ya serikali ya kumaliza sekondari na nyingine juu yake, ya ualimu, niliyoipata Lubumbashi, na nyumba ya matofali ya kuchoma niliyoijenga mwenyewe hapa Kindu. Lakini lazima nikiri: nusura watu wale wawe wakweli.

Tulikuwa Waislamu. Alfajiri nilikwenda chuoni kusoma Kurani, kisha shule iliyokuwa ya misheni kabla serikali haijaichukua. Nyimbo za kanisa tulizokuwa tumezizoea zilikatazwa. Tukawa tunaimba sifa za chama kila asubuhi, tukipiga makofi na kucheza chini ya bendera. Mwalimu wetu wa nyimbo, ambaye hakuwa mtunzi, alichukua sauti zilezile za kanisa akazitia maneno ya chama. Mwenye kuanzisha wimbo nilikuwa mimi. Shule nzima haikuwa na koo kama langu, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Siku moja komisere wa mji, mkuu wa serikali hapa kwetu, alitutembelea, abakosti yake, koti la wakubwa wa chama, imenyooshwa hadi kola. Nikafungua kinywa, na maneno ya zamani ya kanisa yakatoka: nikamsifu Mama Maria. Wenzangu walizoea kunifuata, wakanifuata. Tulimaliza beti mbili kabla mwalimu hajaweza kutunyamazisha.

"Mutoto wa nani huyu?" komisere aliuliza.

"Wa Waislamu, komisere," direkta wa shule alijibu, jasho likimtoka.

"Mwislamu njo anaimbia Maria?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Baadaye direkta aliniita kando. "Kesho komisere anakula hapa. Mama yako alete chakula cha kumutuliza roho. Kama hapana, beba sururu yako, uende Kampene kuchimba dhahabu na wengine."

Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani palikuwa na sombe tu, majani ya muhogo kutoka shambani kwetu. Mama alichukua kopo akapita nyumba nne: mchele, mawese, chumvi, na kuku kwa jirani yetu Mkristo.

"Mutoto wako ameimba muzuri, dada," jirani yule alimwambia akimkamata kuku miguu. "Ila huyu kuku wangu njo analipa."

Kwetu, chakula cha kuazima kina kipimo chake. Ukikopa, kopo husawazishwa kwa kiganja; ukirudisha, lazima lifanye kilima. Asiye na kilima husubiri, huku akijua kwamba naye anasubiriwa.

Komisere alikula, akaomba ukoko wa chini ya sufuria, nami nikabaki shuleni. Bado naikumbuka harufu ya sombe ile yenye mawese mapya. Mimi sikuionja.

Mama hakupata kilima. Kila mwaka bei ilipanda, na kila mwaka nilihitaji daftari. Nilisoma kwa hasira, nikawa wa kwanza, na Lubumbashi vilevile wa kwanza.

Niliporudi kwa treni nikiwa mwalimu, mshahara wangu wa kwanza niliupeleka sokoni. Nikamwambia mama avae kitenge kipya, tukapita zile nyumba nne. Kopo nililijaza kwa mkono wangu mpaka punje zikamwagika mkekani, na majirani wakapiga vigelegele.

Mwenye kuku tulimfikia mwisho. Alikuwa amezeeka. Alimpapasa kuku kifuani, akakunja uso.

"Wangu alikuwa munene kuliko huyu."

"Ndiyo maana tumeleta wawili, dada," mama akasema.

Bibi yule alicheka mpaka akakohoa, kisha akasogeza kiti. Miaka yote ile mama alikuwa akimsalimia kwa mbali, amesimama njiani, tayari kuondoka. Siku hiyo aliketi, akaomba maji ya kunywa.