Pikipiki ya kaka ilivyochemka na kuzimika hovyo, hadi nikamtoboa njiwa jicho

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni wa kusoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Hata darasani mwalimu akiuliza swali naangalia viatu. Lakini hili limenikaa kooni, na lilivyotokea ndivyo nitakavyolisema.

Tunaishi Bwaise, Kampala. Kwetu ni Bukavu. Kaka yangu Bahati anaendesha boda, na pikipiki si yake, ni ya mzee mmoja tunayemwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha. Pikipiki hiyo ndiyo inatulisha, pamoja na mawese anayouza mama.

Sasa pikipiki ikaanza ugonjwa.

Ikipanda kilima cha Ntinda kwenye jam, injini inakuwa moto mpaka abiria wanakunja miguu. Ikisimama, silence, yaani ule mngurumo wa injini bila kugusa mafuta, inapanda yenyewe, inashuka, inapanda tena, halafu kimya. Bahati akiwa na abiria mgongoni, watu wa nyuma wanapiga honi.

Makanika wa kwanza akabadilisha oili. Wa pili akafungua kabureta, akaiosha, akakaza skrubu ya silence. Wa tatu akatoa plagi, akaikuta nyeupe kama chaki, akatikisa kichwa kama daktari, akaweka mpya. Baada ya muda nayo ikawa chaki.

Kila mmoja alisema wa kabla yake hajui kazi. Hapo tu ndipo walikubaliana.

Mama yeye alijua tatizo tangu mwanzo. "Ni wivu. Kuna mtu pale sitegi, wanapopaki boda, anamwangalia mtoto wangu vibaya."

Niwaambie kitu wakuu. Kanisani kwetu, mtu akipata chombo cha kazi anakileta kibarikiwe. Cherehani, friji, hata mkokoteni. Mchungaji anaombea, anapaka mafuta, anabandika stika yenye njiwa na neno NIMEKOMBOLEWA. Ikishabandikwa haibanduliwi. Kuna mama aliwahi kubandua ya kwenye friji ili aoshe, alisemwa mpaka akahamia kwaya ya kanisa lingine.

Stika ya Bahati ilibandikwa juu ya kifuniko cha tangi, ili aione kila anapoendesha. Ikapasuliwa kwa wembe mahali pa ufunguo tu.

Basi Ssalongo akaja nyumbani. Hakukaa hata kwenye kiti.

"Bahati, mimi nakupenda. Lakini Jumamosi nitapanda mwenyewe mpaka Ntinda na kurudi. Ikizimika, nampa mtu mwingine."

"Ssebo, mzee wangu, si mimi ninayeiharibu."

"Sijasema ni wewe. Nimesema Jumamosi."

Mama akaanza kufunga kwa maombi. Bahati naye hakula, ingawa yeye hakuwa amefunga.

Kesho yake alinipeleka shule. Ikazimika njiani, tukaisukuma hadi petrol station. Alipofungua kifuniko nikasikia tangi likivuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyezama akitoa kichwa majini. Akaweka mafuta kidogo, ikawaka, ikaenda vizuri kabisa.

"Unaona? Mafuta ya hapa yana nguvu," akasema. "Kila nikinywesha hapa inapona."

Nikashuka shuleni. Lakini siku nzima sikusikia somo hata moja. Ile fyuuu naijua. Mama akifungua jerikeni la mawese anatoboa matundu mawili, moja la kumimina na moja la hewa. Ukitoboa moja tu, mafuta yanatoka kwa kusitasita, halafu yanagoma.

Jioni nikachungulia kifuniko. Pembeni mwa ufunguo, chini ya stika, palikuwa na kishimo kama punje ya ulezi. Pua ya tangi. Njiwa alikuwa ameikalia.

Yaani tangi lilikosa hewa, petroli ikawa inashuka kidogo, kwenye kabureta hewa inazidi, injini inaungua kwa njaa. Ndiyo maana plagi nyeupe, ndiyo maana moto, ndiyo maana silence haitulii.

Kubandua siwezi. Kumwambia mama pia siwezi, nina umri wa kuishi bado. Nikachukua sindano ya kushonea nywele, nikatoboa pale pale juu ya kishimo. Ikawa jicho la njiwa. Kusema kweli alipendeza zaidi.

Jumamosi Ssalongo akaenda Ntinda, akarudi. Akaiacha ikinguruma mbele ya mlango huku sote tumesimama. Ikanguruma tulivu, haipandi, haishuki. Akagusa injini, akakubali kwa kichwa.

"Sawa, endelea nayo. Ilikuwa na nini?"

Mama akajibu kwa niaba ya wote: "Adui ameshindwa."

Jumapili Bahati akatoa ushuhuda. Wenzake wa sitegi wakaja na pikipiki zao, wakapanga mstari nje ya kanisa. Mchungaji akatoka na furushi la stika, akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi la kwanza.

Wakuu, mimi si wa kusema mbele za watu. Lakini kichwani niliziona zile pikipiki zote zikizimika Ntinda, na kila mwenye pikipiki akihukumiwa kama Bahati.

"Mchungaji," nikasema, na sauti ikatoka kama ya kifaranga. "Mlinzi si anakaa mbele? Ingebandikwa kwenye madigadi ya mbele, ndiyo inatangulia."

Akaniangalia. Mama akaniangalia zaidi. Halafu Mchungaji akasema, "Hilo ni neno la ufunuo," akabandika zote mbele.

Funzo: kabla ya kununua plagi na kumtukana makanika, pikipiki ikichemka na silence ikicheza, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Ikivuta hewa kwa nguvu, angalia kitundu chake.

Bahati bado yuko barabarani. Shida sasa ni yangu. Mchungaji anataka Jumapili ijayo nisimame na maikrofoni nieleze ufunuo ule ulinijiaje, na mama ameshakubali kwa niaba yangu.

Nishaurini wakuu: nieleze habari za hewa na petroli, au niugue malaria?